Elikana Mbwilo Kwenye Mizani

Elikana Mbwilo alikuwa amejiapiza kwamba hatafumba macho tena mpaka avuke boda. Lori lake lilikuwa la arobaini na kitu kwenye foleni ya Tunduma, jua la saa saba limelalia kichwa cha gari, na mapajani mwake palikuwa na mfuko wa chipsi mayai uliolowa mafuta. Alikuwa na sababu ya kujiapiza. Asubuhi, akiteremka kuelekea Mbalizi na tani ishirini na nane za saruji mgongoni, alifumba macho akayafumbua, na kumbe gari lilikuwa limeshakula kipande kizima cha lami ambacho hakukiona. Mbele yake palikuwa na kivuko cha watoto wa shule. Alikanyaga breki kwa nguvu zote, tela likalia, mwalimu mmoja akamvuta mtoto wa kike kwa kola ya sweta, na gurudumu la mbele likapita juu ya ufagio wa chelewa ambao mtoto alikuwa anaupeleka shule. Mwalimu hakutukana. Alimtazama Elikana kama anatazama matapishi ya mlevi, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ulikuwa umelala?"

"Breki hizi, mwalimu," Elikana akajibu. "Breki zinasumbua." Kisha akampigia simu Mzee Kihwele, mkuu wa madereva wa kampuni yao, akamwambia hivyo hivyo. Breki zilizomwokoa mtoto ndizo alizozisingizia.

Nikuambie ukweli wa mtu huyu, maana yeye mwenyewe alikuwa hausemi. Miezi mitatu nyuma, Daktari Nuruana wa kliniki ya kampuni alimpima akamkuta na kilo mia moja kumi na sita. Tulizo, mkewe, alikuwepo, naye akaeleza jinsi mumewe anavyokoroma mpaka watoto wanaamka chumba cha pili, kisha ananyamaza kabisa, pumzi imekatika, kisha anashtuka na kuhema kama mtu aliyeopolewa mtoni. "Unene umebana njia ya hewa," daktari akasema. "Usiku mzima unakabwa, bwana Mbwilo, kwa hiyo usingizi utakudai mchana, ukiwa kwenye usukani. Punguza kula, tembea, halafu nikupeleke ukapimwe huo usingizi. Ukirudi hapa baada ya miezi mitatu umezidi kilo mia na kumi, sikusainii fomu ya safari ndefu." Katika maneno yote hayo Elikana aliondoka na moja tu, mia na kumi.

Kuna ujanja ambao baadhi ya madereva wa masafa wanaujua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Gari likikaribia mizani ya barabarani, unamwaga maji ya akiba, unaingia na dizeli kidogo, unapita salama, unakwenda kujaza mbele ya safari. Elikana alikuwa ameufanya miaka kumi na tisa, na sasa akaufanyia mwili wake. Miezi mitatu alikula kama kawaida. Wiki ya mwisho akashinda kwa papai, akanywa majani ya kuharisha yanayouzwa stendi, akakaa chooni mpaka miguu ikatetemeka, akapanda mizani ya daktari na kilo mia moja na tisa na nusu. Fomu ikasainiwa. Kutoka hapo hakwenda hata nyumbani, alikwenda kwenye banda la kitimoto, akaagiza kilo na nusu ya nguruwe na ndizi za kuchoma, akala peke yake huku jasho linamdondokea sahanini. Nasimulia kwa kinyaa, sikufichi. Sasa, kwenye foleni ile, kidevu chake kilishuka kifuani, mkono ukabaki ndani ya mfuko wa chipsi, na kiapo chake kikaishia hapo.

Akajikuta anatembea kwa miguu katika nchi asiyoijua, juu ya barabara iliyobonyea chini ya viatu. Alipoinama aliona si lami, ni mafuta yaliyoganda, meupe, yenye nywele na maganda ya vitunguu ndani yake, na kila hatua iliacha shimo lililojaa maji ya njano. Mitaroni palikuwa na mifupa iliyotafunwa na mate ya watu. Harufu ilikuwa ya kikaango ambacho hakijaoshwa tangu mwaka jana. Mwanamke mmoja mwenye koti la kung'aa, la wakaguzi wa barabarani, alimjia kwa mwendo usio wa haraka wala wa kuchelewa. Hakuwa mnene, hakuwa mwembamba, na katika nchi nzima ni yeye peke yake aliyekuwa msafi.

"Naitwa Kiasi," akasema. "Umepita mbele ya mlango wangu miaka mingi bila kunisalimia. Leo tunakwenda mizani, wewe na mimi."

Elikana akacheka. "Mizani haijawahi kunishinda, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Hawakufika mbali kabla mwanamume mmoja hajachomoza kando ya njia, nywele zinateleza kwa mafuta, kijiti cha meno mdomoni. Elikana alimtambua mara moja ingawa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Huyu aliitwa Ujanja. "Mwanangu Mbwilo!" akasema, akamkumbatia kama ndugu. "Usimsikilize huyu mama. Sisi tunajua kazi yetu. Mwaga, pita, ukajaze mbele." Na kabla Elikana hajajibu, Ujanja alikuwa ameshamfungua vifungo vya shati. Chini ya kitovu palikuwa na koki ya shaba, kama ya tangi la maji. Ujanja akaizungusha. Ikatoka shahamu ya njano, nzito, ya vuguvugu, ikifuatana na vipande vya ngozi ya nguruwe, povu la soda, na chipsi zilizovimba kama vidole vya maiti. Ilitoka kwa kukwama na kuchuruzika, kwa sauti ambayo sitaki kuieleza, na Ujanja akaikinga kwenye madumu, dumu baada ya dumu, akiimba kidogo kidogo. Elikana aligeuza uso. Lakini hakusema aache.

Akapanda mizani akiwa mwepesi, ngozi inamning'inia, na taa ya kijani ikawaka. Hatua tatu mbele ya mizani alikaa Ulafi, na Elikana akashangaa kumwona ni mtu mkavu, mbavu zinahesabika, kucha nyeusi kwa masizi ya sufuria. Ulafi hali chakula, yeye analisha. Alikuwa ameshayapanga yale madumu yote mbele yake na mpira wa maji mkononi. "Karibu mezani, baba," akasema kwa upole, akamtia mpira mdomoni, akainua dumu la kwanza. Elikana alipata ladha ya kile kile kilichotoka tumboni mwake, kimepoa, kimechacha. Na la kuchukiza kuliko yote ni hili: alimeza. Alimeza kwa hamu, macho amefumba, akashika mpira kwa mikono yake miwili, na dumu lilipokwisha alinyoosha kidole kuonyesha la pili.

"Umeshiba?" Kiasi akamuuliza madumu yalipokwisha, bila dhihaka. Elikana alikuwa anacheua, kidevu kinang'aa, hakuweza kumtazama. "Sikukuleta hapa nikuaibishe," Kiasi akaendelea. "Mtu akiaibika tu hujificha, na akijificha hurudi kwa hawa wawili. Njoo umwone uliyemtesa."

Alimpeleka kwenye mlango mwembamba uliokuwa katikati ya kuta mbili za nyama. Kuta zilikuwa laini, zenye utelezi, na zilikuwa zimevimba mpaka zinagusana. Nje ya mlango alisimama mzee mmoja mwenye blanketi safi begani, akijaribu kupenya. Aliingiza bega, kuta zikambana, akakosa pumzi, akasukumwa nje akikohoa, kanzu imejaa makamasi. Akajipangusa. Akajaribu tena. Akasukumwa tena.

"Hili ni koo lako," Kiasi akasema, "na huyu ni Usingizi."

"Shikamoo, mzee," Elikana akasema, maana hakujua la kusema.

"Marahaba, mwanangu," Usingizi akajibu, anahema. "Nakuja kwako kila jioni na blanketi langu. Mara mia kwa usiku mmoja nagonga, na mara mia nasukumwa. Unanitukana kwa kahawa na makopo ya vinywaji vya enaji, unasema nakuwinda barabarani. Mimi sikuwindi. Mimi ni mgeni wako, na mgeni aliyefungiwa usiku ataingia saa yoyote atakayokuta mlango umeachwa wazi. Leo asubuhi niliukuta wazi Mbalizi."

Elikana akakimbia kurudi mizani, hajui kwa nini, na pale juu ya bamba la chuma alimkuta mtoto wa kike mwenye sweta. Mtoto alimwuliza, "Baba, ufagio wangu uko wapi?" Elikana akapanda kando yake. Taa ikawa nyekundu.

"Huyu naye ni mzigo wako," Kiasi akasema. "Kila anayevuka barabara mbele yako unambeba. Mizani ya daktari haikumpima."

"Hilo dogo," Ujanja akadakia, ameshafika, kijiti bado mdomoni. "Mtoto ana kilo kumi na nane tu. Tunampunguza, taa inarudi kijani." Akamshika mtoto kwa kola ya sweta, akaanza kumburuta kuelekea mtaroni kwenye mifupa na mate.

Hapo Elikana akaona vizuri uso wa rafiki yake wa miaka kumi na tisa. Ulikuwa uso wake mwenyewe, mnene, wenye mafuta kwenye pembe za mdomo. Alimchukia kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia mtu. Alitaka kupiga kelele, "Mwache!" lakini koo lilikuwa limefunga, kuta zimegusana, hakuna hewa ya kuingia wala ya kutoka, na mtoto anaburutwa.

"Kaka Mbwilo! Kaka Mbwilo!"

Alishtuka anahema. Ulimboka, dereva wa lori la nyuma yake, alikuwa amepanda ngazi ya kichwa cha gari na kugonga kioo kwa ngumi. "Foleni imesogea! Kaka, nilidhani umekufa. Ulikuwa unakoroma, mara kimya. Nimehesabu mpaka thelathini na tano hujavuta pumzi."

Elikana alitazama mkono wake ndani ya mfuko, vidole vimeshika chipsi baridi, akausukuma mfuko mbali, akashuka, akatapika kando ya gurudumu la mbele. Alipoinua kichwa aliona, zimebanwa chini ya bampa, njiti chache za chelewa. Alizitoa moja moja. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mbwilo," Mzee Kihwele akaitikia. "Fundi wa breki yuko njiani, vumilia."

"Mrudishe, mzee. Breki ni nzima." Akameza mate, na mate yenyewe yalikuwa machungu. "Kliniki, mzee. Nilimwaga kabla ya mizani."

Mzee Kihwele alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na sita, hakuhitaji kuelezwa. "Usiguse usukani," akasema. "Mwombe mwenzako akusogezee gari. Naleta dereva mwingine. Na fomu yako naichana, Mbwilo, unalijua hilo?"

"Ndilo nililokupigia simu, mzee."

Kesho yake alirudi na basi, abiria wa kawaida, akashuka Mbalizi kwa miguu iliyovimba na ufagio mpya wa chelewa mkononi. Watoto walikuwa wanatoka shule. Mwalimu yule yule alikuwa kivukoni, akamtambua kwa ukubwa wake kabla hajafika, akawarudisha watoto nyuma kwa mkono.

"Zimepona hizo breki?" akamuuliza.

Elikana akamnyooshea ufagio kwa mikono miwili.

"Breki hazikuwa na kosa, mwalimu," akasema. "Nilikuwa nimelala."