Msonyo wa Alfajiri

Siku mume wangu alipowaita wasimamizi wetu wa ndoa waje waniulize kwa nini namsonya, walinikuta nimelala mezani. Shavu lilikuwa juu ya mitihani ya kidato cha pili, na kalamu nyekundu ilikuwa imenichora hadi mdomoni. Nilipozinduka Mzee Noeli alikuwa ameshakaa kwenye kochi, kofia magotini, na mkewe, Mama Josephine, akinitazama kama mtu aliyekuja kutoa pole. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Jua la mtaa wetu wa Nkuhungu lilikuwa limekaza juu ya bati, na Gaudence, mume wangu, alikuwa amekaa mbali nami, mlangoni, kwenye kigoda cha jikoni.

"Shikamooni," nilisema, nikijifuta mdomo.

"Marahaba, mwanangu." Mzee Noeli alikohoa kidogo. "Sidonia, mwenzio ana malalamiko. Anasema unamsonya. Kitandani. Kila alfajiri."

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kwenye chumba cha walimu. Nikifika hapo watu hushika mbavu, nami nawaacha wacheke, kengele inagonga, tunaingia darasani. Siku yenyewe sikucheka. Nilimtazama Gaudence nikaona macho yake ni mekundu kama yangu, na sikuwa nimeliona hilo kwa miezi, ingawa tulikuwa tukilala shuka moja.

Mama yangu alifariki mvua zikielekea ukingoni, huko kwetu Kwa Mtoro. Mimi nilitolewa kule nikiwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya bado hayajaota, nikaletwa mjini kwa baba mkubwa ili nisome. Nikasoma kweli. Nikafika hadi chuo kikuu pale Chimwaga, nikatoka na shahada, na shahada yenyewe ni ya Kiswahili. Huku nyuma Kisandawe cha mama, lugha ile ambayo nusu ya maneno yake yanapigwa kwa ulimi dhidi ya meno na kaakaa, kilinitoka kidogo kidogo bila kuaga. Nilipokwenda likizo na kumjibu mama ovyo kwa lugha yake, binamu zangu walijiviringisha chini kwa kicheko. Mama hakucheka. Alianza tu kuongea nami kwa Kiswahili chake cha gulioni, kile cha karibu, kaa, kula, umechoka. Kwa hiyo maisha yangu yote ya utu uzima mama yangu alinisemesha kama mgeni, na liliniuma, na sikuwahi kumwambia.

Baada ya maziko ndoto ikaanza. Mama anakaa ukingoni mwa kitanda, upande wangu, ananisemesha lugha yake, nami namjibu. Namjibu vizuri! Maneno yanatoka yenyewe, tunacheka, ananiuliza jambo nami namweleza mpaka mwisho. Halafu naamka na yote yamekwisha. Linabaki neno moja tu, lile analomalizia nalo, na hilo nalo linapotea kabla sijapapasa kandambili.

Nilianza kushtuka usiku na kukesha hadi adhana. Nikaenda mjini kwa Dilnaz, binti wa Kihindi niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anaendesha duka la dawa la familia yao. Nilimweleza ndoto, nikamwomba vidonge vya usingizi.

"Bila cheti cha daktari siuzi, hata kwako," alisema. "Nunua daftari, shoga. Ukiota, andika. Ukishaiweka kwenye karatasi, kichwa kinapumzika."

Mwenyewe alinitakia mema. Lakini mimi daftari sikulichukua ili nipumzike. Nililichukua kama mtego. Niliona sasa nitamnasa mama, neno kwa neno, mpaka nipate sentensi nzima.

Tabu ilikuwa herufi. Zile ninazofundisha hazikuwa na nafasi kwa sauti ya mama. Niliandika "ts" nikafuta, nikachora msalaba, nikaweka nukta juu yake. Tena neno lenyewe halikukaa kichwani, lilikaa ulimini, hivyo kabla ya kuliandika ilinibidi nilitamke. Nililitamka polepole, mara mbili tatu, mgongo nimempa Gaudence ili nisimwamshe, kisha nikawasha tochi ya simu na kuandika.

Mwili ukajifunza. Mwanzoni niliamka ndoto ikiisha, baadaye katikati, mama hajamaliza kusema, na mwishowe niliamka hata kabla hajaketi. Nikawa naivizia ndoto badala ya kuiota. Shuleni nilitia mkasi majibu sahihi na kuyapa vema yaliyokosewa. Siku moja nilisinzia nimesimama, chaki mkononi, kidato kizima kikanyamaza kwa adabu hadi kipindi kikaisha. Dilnaz aliponiona alishtuka, akaniambia niache mara moja, nilichome hilo daftari. Nilikataa. Sikutaka tena usingizi, nilimtaka mama.

Ungeniuliza kwa nini sikumpigia Mama Mdogo Asma, mdogo wake marehemu, ambaye Kisandawe ndiyo pumzi yake. Ni ualimu tu huo. Sikutaka kumpelekea neno moja lililovunjika, anicheke kama walivyonicheka binamu zangu. Nilitaka nimpelekee sentensi imekamilika.

Basi hayo yote niliwaeleza pale sebuleni, vibaya, nikirukaruka. Mzee Noeli alisikiliza kwa uso wa hakimu wa mahakama ya mwanzo.

"Hebu litamke hilo neno," alisema.

Nililitamka.

"Sasa huo si msonyo?"

"Huohuo," Gaudence alisema kutoka mlangoni. Yeye ni afisa mifugo, mtu wa Mpwapwa, anaweza kuzungumza na ng'ombe kutwa nzima lakini na watu maneno humwishia haraka. "Kila alfajiri. Ananipa mgongo, ananisonya, halafu anawasha tochi anaandika. Nikajua anaandika makosa yangu. Nimekuwa nikiamka mapema kuusubiri, baba. Nalala macho wazi nausubiri huo msonyo. Nimeomba uhamisho nirudi Mpwapwa."

Hilo la uhamisho sikuwa nikilijua. Nilikimbia chumbani, nikalileta daftari, nikaliweka magotini mwake. Alilifungua kwa ncha za vidole. Misalaba, nukta, "ts" zilizofutwa, ukurasa baada ya ukurasa. Jina lake halikuwamo popote. Akaanza kulia, na mimi nikalia, na Mama Josephine, ambaye ndiye mwenye akili katika nyumba ile ya usimamizi, akasema, "Sasa huyo mama mdogo ana simu au hana?"

Alikuwa nayo. Nilimpigia, tukaiweka simu yangu sauti ya nje. Baada ya shikamoo na habari za mbuzi na za mahindi, nililisema neno la mama, mbele ya watu watatu, uso ukiniwaka.

"Rudia," alisema Mama Mdogo Asma.

Nikarudia. Yeye akalisema kwa namna yake, na chumba kizima tukasikia tofauti. La kwake lilikuwa laini, lilianza na ulimi na kuisha na pumzi. Ndilo. Ndilo lenyewe kabisa, nywele zilinisimama.

"Hilo ni la kubembelezea mtoto," alisema. "Anakulaza. Alikuwa anakuambia hivyo ukiwa mgongoni, kabla hawajakupeleka mjini." "Sidonia, mwanangu, marehemu anakulaza, wewe unaamka kuandika?"

Mzee Noeli alicheka hadi kofia ikaanguka. Hata Gaudence alicheka, machozi bado mashavuni. Huwa nawakatishia walimu wenzangu kisa hapo, na kengele hugonga.

Jioni hiyo Gaudence aliniahidi kwamba barua ya uhamisho ataifuta. Daftari nililiweka juu ya kabati mwenyewe, bila kulazimishwa. Mama ameshasema, nilijiambia, na mtoto husikia. Nililala ubavu, safari hii nikimwelekea mume wangu, mkono wake begani pangu, na kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye vidole vyake.

Niliamka jua limeshaingia dirishani. Sikuwa nimeota kitu. Kama mama alikuja, alinikuta nimelala, akaniacha. Gaudence aliniletea chai kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata tulipokuwa wachumba.

"Umekoroma, mke wangu!" alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa na haki ya kuiharibu. "Umekoroma usiku kucha."

Nilimshukuru. Alitoka uani kumpigia Mama Josephine simu ya habari njema. Nilipobaki peke yangu niliweka kikombe chini, nikalisema lile neno, kama alivyolisema Mama Mdogo, ulimi kwanza, pumzi baadaye. Nikarudia. Nikabadilisha ulimi, nikabana meno, nikarudia tena, nikisikiliza. Ulikuwa msonyo tu.