Helmeti ya Kisusuli

Ta! Kimya. Ta! tena. Hakujapambazuka, na kasauti hako kalitoka ukumbini. Bibi akatega sikio. Si panya, wala si bomba linalovuja. Akajitanda shuka, akatoka akipapasa ukuta.

Mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye kwa kutotulia kwake nyumba nzima ilimwita Kisusuli, alikuwa amekaa sakafuni akifunga na kufungua kifungo cha helmeti yake mpya. Ilimfunika mpaka puani.

"Nani huyo?" mtoto akauliza.

"Mwizi."

"Wezi hawanuki dawa ya mgongo, Bibi."

Siku yenyewe ilikuwa leo. Jana jioni baba yake alikuwa ameyafungua yale magurudumu madogo ya pembeni, na asubuhi hii Kisusuli angeendesha baiskeli kama watu wazima. Usingizi ungetoka wapi?

Bibi akawasha taa, akamwambia atikise kichwa. Kichwa kikaenda huku, helmeti ikaenda kule. Akaisukuma kwa kidole kimoja tu. Ikarudi kisogoni, paji lote la uso likabaki wazi.

"Hii haivaliki," akasema.

Kulipokucha, moto ukawaka. Helmeti ilinunuliwa na Babu, na katika nyumba ile kila kitu cha mtoto kilinunuliwa kikubwa. Viatu vilijazwa vitambaa, sare zikapigwa pindo mara mbili. Babu alikuwa amempima mtoto akiwa amelala, kwa uzi, polepole asije akamwamsha, kisha akaongeza vidole vitatu vya kukulia. Bibi alimwona siku ile, akampenda upya. Lakini vidole vitatu ni vidole vitatu.

"Atakua," Babu akasema, akikoroga chai.

"Kukua atakua mwakani. Kuanguka ataanguka leo."

"Tutaweka sponji ndani, mama," mwanawe akaingilia, akitaka yaishe.

"Kichwa cha mwanao ni mto? Kiatu kikubwa watu watamcheka, basi. Hii ikimvuka akiwa anaanguka, atacheka nani? Hapandi."

"Mke wangu, unanivunjia heshima kwa ajili ya kofia?"

"Nakuheshimu sana, baba watoto. Na hapandi."

Kisusuli akaangua kilio. Bibi kilimchoma, lakini hakulegea. Akambeba begani hadi kikaisha, kisha akaitia helmeti kwenye boksi lake, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Babu akawafuata, mikono mgongoni, akisema anakwenda kuiona aibu kwa macho yake.

Mwenye duka la baiskeli hata hakuinua uso. "Mali ikishauzwa hairudi, mama. Kaza mikanda."

Bibi akamvika mtoto ile helmeti, ncha za mikanda zikamshuka hadi kifuani. "Nimekaza mpaka mtoto kaota ndevu. Tazama zinavyoning'inia."

Dada mmoja muuzaji, aliyekuwa akipanga pampu, akacheka kwa pua.

"Watoto wanakua," mwenye duka akasema.

"Nimeambiwa nyumbani." Bibi akavuta kiti kilichokuwa mlangoni, akakaa, akaliweka boksi mapajani. "Siondoki. Wakija wateja nitawaambia wapite pembeni."

"Mzee," mwenye duka akamgeukia Babu, "mwondoe huyu bibi, anasumbua watu."

Babu alikuwa ameinamia baiskeli moja akijifanya anakagua mnyororo. Akanyooka.

"Anasumbua nani? Aliyekosea kipimo ni mimi, yeye hana kosa. Kitu hakijagusa barabara, boksi lake hili hapa. Kibadilishe. La sivyo niletee kiti na mimi."

Bibi hakumtazama. Alisogea tu kidogo, kama anayempa nafasi.

Mwenye duka akawatazama wote wawili, akapunga mkono. "Haya, haya! Mpimeni mtoto."

Dada muuzaji akapiga magoti sakafuni, sketi yake safi na vumbi lote lile, ili macho yake yawe sawa na ya mtoto. Bibi hakukosa kuliona hilo. Dada akazungusha utepe wa kupimia juu kidogo ya nyusi, akaleta helmeti ya kwanza.

"Inauma," Kisusuli akasema.

"Ikiuma si yako. Hii je?"

Ya pili ilikuwa ya njano, tupu bila picha. Dada akaweka vidole viwili kati ya nyusi na ukingo. Vikatosha, hakikubaki hata kimoja cha kukulia. Akaivuta mikanda ikakutana chini ya masikio, akafunga, akaacha nafasi ya kidole kimoja kidevuni.

"Piga mwayo mkubwa. Inakuvuta utosini?"

"Aaaah. Ndiyo!"

"Tikisa kichwa."

Kisusuli akatikisa mpaka akapepesuka. Helmeti haikuhama. Babu akanyoosha kidole, akaisukuma nyuma, akaisukuma mbele, akaguna.

"Imekaa," akasema, na kwa Babu hiyo ilikuwa sifa kubwa.

"Twende, Bibi, baiskeli inanisubiri!" Mtoto alikwisha fika mlangoni, akiwaona wote vizuri kwa mara ya kwanza akiwa na helmeti kichwani.

"Asante, mwanangu," Bibi akamwambia dada, akimpangusa vumbi la magotini kwa kiganja chake.

Dada akamwinamia Kisusuli. "Ikianza kukubana usiivumilie, njoo nikupime tena. Hata isipobana, njoo. Na uje na hawa wazee wako wagomvi, tafadhali."