Mtu Aliyeshika Ponto

Jumamosi ile, watu wote wakiwa kwenye salongo, kazi ya bure ya serikali, Anaclet naye alikuwa anajaza udongo kwenye mapipa bandarini Bukavu. Mapipa hayo ndiyo yangeshika ponto, gati la chuma linaloelea, wamama wa kisiwa cha Idjwi wapate kushukia na mananasi yao. Kwanza zilichaguliwa bloki za beto, yaani zege, maana chini ya ziwa hapo ni mteremko na kitu chepesi kinateleza. Simenti ilifika kwa lori, mchana, sote tukiona. Ikapita bandari, ikapanda Muhumba, mtaa wa wakubwa, ikawa barza ya nyumba ya Citoyen Directeur, mkubwa wa bandari.

"Papa Anaclet, udongo utashika?" wabeba mizigo walimuuliza.

"Muulize ile barza. Mufunge mnyororo."

Upepo wa mvua ya kwanza ulipasua mapipa. Mnyororo ulimnasa Anaclet akijaribu kuushika, ukazama naye. Kesho yake ponto lilikuwa mahali pake, halitikisiki.

Wamama waliokuja kufua walimwona chini ya maji, amesimama, mnyororo kiunoni, visigino ndani ya tope. Walimsalimia. Aliitika kwa kichwa; mikono ilikuwa na kazi.

Mke wake, Euphrasie, alitaka kumzika kwao Kavumu. Alimshushia bugali kwa kamba, akamwambia aachilie. Anaclet alionyesha juu kwa kidevu: abiria walikuwa wanashuka, watoto mgongoni.

Euphrasie akapanda Muhumba.

"Citoyen Directeur, unipatie simenti ya bloki. Nataka nimuzike Anaclet."

"Anaclet? Majina ya kikristo yalikatazwa na serikali, citoyenne."

"Basi umuite vile unapenda, lakini umutoe mu maji."

"Ponto inashika?"

"Inashika."

"Basi iko ku salongo."

"Salongo ni Jumamosi. Leo ni mardi."

"Kwa raia muzuri, kila siku ni Jumamosi," alisema Directeur, akaegemea nguzo ya barza yake na kuagiza bia.

Euphrasie alirudi ziwani na bugali.

Directeur alivishwa nishani kwa ponto lisilotikisika, kisha akapewa ponto la pili alijenge. Safari hii hakuomba simenti, wala mapipa. Aliagiza mnyororo tu. Ulipofika, aliwapanga wabeba mizigo mstari mmoja, akapita mbele yao polepole, akiwatazama mabega.