Amplifaya ya Mzee Taratibu

Saa nne asubuhi dereva mpya alirudisha gari la hoteli kinyumenyume mpaka mlangoni kwa Mama Spika, fundi wa redio za magari, akafungua buti na kumwonyesha amplifaya, kile kikuza sauti cha redio. Taa iliyopaswa kuwa ya kijani ilikuwa nyekundu. Ikipiga muziki dakika mbili inakata, alieleza, halafu yule mzee anaanza kuongea.

Mama Spika hakuuliza mzee gani. Mzee Taratibu aliliendesha gari hilo polepole miaka kumi na moja, hata punda wakimpita, mpaka siku breki zilipomkatalia mteremkoni, akazikwa kesho yake. Mama Spika akatoa mita, akapima betri, akapima fyuzi. Zote nzima. Akachomoa nyaya za spika moja baada ya nyingine, maana spika moja iliyoungua hutosha kuizima amplifaya. Spika zote zikiwa zimechomolewa, sauti ikatoka.

"Hamjambo, wanangu," marehemu akasema. Salamu hakuziruka hata alipokuwa hai.

"Hatujambo, mzee. Za huko?"

"Huko kwema. Breki za nyuma bado hazishiki. Nilimwambia meneja mara tatu."

"Hata mimi nimemwambia," dereva akasema. "Anasema hakuna mgeni aliyelalamika. Nami nina mtoto wa miezi minne, Mama, kazi nitaiachaje?"

Ndivyo meneja alivyofanya kazi: kilichopigiwa kelele na wageni ndicho kilichotengenezwa. Kiyoyozi kilitengenezwa siku ileile. Viti vilishonwa upya. Breki hazikuwa na wa kuzisemea.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mama Spika akanung'unika, akainama butini. Ubovu aliuona pale alipoutarajia: waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Akaikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza nati. Akarudisha nyaya za spika; taa ikageuka kijani, muziki ukalia bila mzee.

Roho ikamuuma. Alikuwa ameziba mdomo pekee uliosema kweli bila kuogopa kufukuzwa. Akachukua spana akailegeza nati nusu mzunguko, taa ikarudi nyekundu.

"Nenda naye hivyohivyo," akamwambia dereva. "Wageni wakimsikia watapiga kelele, na meneja atasikia."

Wageni walimsikia kweli. Familia iliyotoka uwanja wa ndege iliitikia salamu zake kwa adabu, ikasikiliza habari za breki njia nzima, na ilipofika hotelini ikalalamika kwamba redio ina kelele. Meneja hakuchelewa. Jioni ileile alitia saini amplifaya ya zamani itolewe, ifungwe mpya.

Mwezi uliofuata gari lilirudi kwa Mama Spika likiwa na bampa jipya na dereva wa tatu. Amplifaya mpya ilikuwa na taa nyekundu. Akapima betri, akapima fyuzi, akachomoa spika.

"Shikamoo, Mama," ikasema sauti ya kijana aliyoijua, baba wa yule mtoto wa miezi minne. Nyuma yake mzee alikohoa kidogo, akampisha mwenzake aseme.

"Marahaba, mwanangu," Mama Spika akajibu. Akakaa chini kando ya gurudumu la nyuma, akalia.

Dereva wa tatu alisubiri amalize. Kisha akamwambia kwamba meneja analitaka gari kabla ya saa nane, kuna wageni wa kupokea.