Salamu ya Mkunga Mbele ya Kamati ya Nyumba

"Kitendawili," alisema shangazi.

"Shangazi, hapa ni bungeni."

"Kwani bungeni hawategi?"

"Wanategana sana, ila si hivyo. Haya, tega."

"Anapanda ghorofani kwa kusukumwa, anashuka bila kuambiwa."

Mkunga alifikiri kidogo, akacheka. "Maji."

"Maji. Basi nenda ukaniulizie yako wapi."

Walikuwa kwenye korido nje ya ukumbi wa kamati. Shangazi alikuwa amevaa kilemba chake cha sikukuu na kushika kiuno kwa mkono mmoja. Mpwa wake alikuwa na kitambulisho kipya cha ubunge, kile cha kuning'inia, na kamba yake bado ilimwasha shingoni. Wenzake walimwita Mheshimiwa Mkunga, kwa sababu kabla ya kuja bungeni alikuwa mkunga wa kliniki ya manispaa. Nusu ya vijana waliompigia kura aliwapokea kwa mikono yake, wengine akawapiga na kakofi ka kwanza ili walie. Huyu shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha, akamfundisha kusalimia watu. Kumbuka hilo la kusalimia, maana ndilo lililotaka kuwamaliza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kota za zamani alikoishi shangazi na majirani zake zilikuwa zivunjwe. Idara ya Nyumba na Serikali za Mitaa ilikuwa imejenga maghorofa mapya ng'ambo ya barabara, yamepakwa rangi yakang'aa, yana madirisha makubwa na vibaraza vya kuanikia nguo. Malori ya kuhamisha watu yangefika kesho yake asubuhi. Kilichobaki ni kamati ya wabunge kunyoosha mikono na kusema sawa. Na taarifa ya Idara ilikuwa tamu kuisoma: majengo yamekamilika, maji yamefika.

Kufika yalifika kweli. Yalifika chini, kwenye bomba la uani, yakakaa hapo kama mgeni asiyejua ngazi iko wapi. Mkunga alipokwenda kuangalia, alipanda mpaka juu kabisa na kufungua bomba la jikoni. Likakohoa, likatema buibui, likanyamaza. Na shangazi alikuwa amepangiwa huko huko juu.

"Mimi nyumba nimeipenda," shangazi alisema, akijipapasa magoti. "Lakini haya magoti hayapandi na ndoo. Nikipanda nayo, nitashushwa kwa machela."

"Nitauliza, shangazi. Leo wataniambia."

Wakaingia. Mkunga alimpeleka shangazi kwenye benchi la wageni nyuma ya ukumbi, akamkunjia mtandio wake na kumwekea chini ya goti. Alipokuwa ameinama hivyo, Mwenyekiti alikuwa tayari ameanza kusema. Mkunga aliisikia sauti, maneno hakuyafuata.

Laiti angeyafuata. Mwenyekiti alikuwa mama mwembamba aliyewahi kuwa refa wa mpira wa pete, na urefa wake hakuuacha uwanjani. "Kikao kilichopita mlizungumza mpaka nzi wakasinzia," alisema. "Leo kila mbunge ana swali moja la msingi na moja la nyongeza. La nyongeza litoke ndani ya jibu, lisitoke mfukoni. Hotuba sitaki. Na kila kitakachoulizwa humu ndani, nitakihesabu ni swali."

Mkunga akaja kuketi kando ya mbunge mkongwe ambaye wote walimwita Utaratibu, maana hakukuwa na kikao alichokaa bila kusimama kusema, "Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti." Mbele yao, upande wa wanaohojiwa, alikaa Mkurugenzi wa Idara, mtu mnene mchangamfu mwenye tabasamu lisilozimwa. Pembeni yake alikaa Mhandisi wake, akikunja mchoro, akiukunjua, akiukunja tena.

Maswali yakaanza, na yalikuwa maswali ya kubembeleza. Huyu akauliza rangi ya kuta nani aliichagua. Yule akauliza kama kuna mahali pa kuegesha magari, na hali watu wa kota gari lao ni viatu. Mkurugenzi alijibu kama anayegawa peremende. Mkunga alikuwa ameshika karatasi yenye swali lake, ameliandika, amelifuta, ameliandika upya mpaka likawa fupi na kali: maji yanafika ghorofa ya juu, ndiyo au hapana? Alikuwa kama mtu anayesubiri zamu yake ya kucheza.

"Mheshimiwa Mkunga," Mwenyekiti aliita.

Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka. Sasa, huyu mtu miaka yote ya kazi hakuwahi kumgusa mzazi kabla ya kumjulia hali, hata mtoto awe ameshachungulia dunia. Mdomo wake ukafanya ulichozoea.

"Asante, Mwenyekiti. Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi?"

Kalamu ya Mwenyekiti ikashuka na kuandika kitu. Mkurugenzi akaiona. Akaelewa kabla ya aliyeuliza kuelewa, na tabasamu lake likapanuka mpaka masikioni.

"Nzuri sana, Mheshimiwa," alisema, akajiegemeza kwenye kiti. "Tena nzuri mno. Majengo yamekamilika mpaka juu. Sina tatizo hata moja. Leo hii mtu anaweza kuhamia, akaoga, akalala usingizi wa mtoto."

"Nashukuru. Sasa swali langu..."

"Swali lako limejibiwa," alisema Mwenyekiti.

Ukumbi ukaanza kuguna. Utaratibu alikuwa ameshasimama. "Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti. Ile ilikuwa salamu. Salamu ni adabu."

"Ameuliza habari za kazi, hakuuliza?"

"Ameuliza."

"Amejibiwa, hakujibiwa?"

"Amejibiwa, tena kwa urefu."

"Basi kaa. Nilisema asubuhi, na wenye masikio walikuwemo."

Watu wakavunjika mbavu. Mkunga aligeuka nyuma. Alimtupia jicho shangazi. Shangazi hakuwa ameelewa chochote. Yeye alikuwa anamwinulia kidevu tu, kama anayesema: haya mwanangu, muulize. Na karatasi ile, na swali lake lote lililonolewa, sasa haikufaa hata kufungia vitumbua.

Utaratibu akamwinamia. "Binti yangu, usizimie. La nyongeza unalo. Ila litoke kwenye maneno yake, vinginevyo yule mama atalipulizia filimbi."

"Maneno gani? Amesema nzuri. Kila mtu husema nzuri. Wodini mtu amefungwa mguu juu kwa kamba, ukimuuliza hali anakwambia nzuri, ndipo anautaja mguu."

"Huyu hakuishia kwenye nzuri," Utaratibu alinong'ona.

Ni kweli. Mkurugenzi angeishia hapo, angekuwa ameshamzika Mkunga. Lakini furaha ilimzidi, akamwaga. Mkunga aliyarudia maneno yale kichwani, moja moja, na ghafla mwili wote ukamsisimka, namna ileile ulivyokuwa ukimsisimka mtoto akianza kuja: hapo hakuna tena kungoja, hakuna kurudi nyuma, ni kushika na kupokea.

Akabonyeza kitufe.

"Swali la nyongeza, Mwenyekiti, kutokana na jibu. Mkurugenzi ametuambia kwamba leo hii mtu anaweza kuhamia, akaoga, akalala. Je, yuko tayari mtu huyo awe yeye? Ahamie leo ghorofa ya juu kabisa, aoge huko huko, na kesho malori hayajafika aje kutuambia alivyooga."

Kicheko kikaanzia kwa mpiga picha mlangoni, kikazunguka meza nzima. Mwenyekiti hakucheka, ila pembe ya mdomo wake ilicheza.

"Limetoka ndani ya jibu," alisema. "Mkurugenzi, jibu."

"Mwenyekiti, mimi nina nyumba yangu."

"Hujaulizwa una nyumba ngapi. Umeulizwa uko tayari au hauko tayari."

Mkurugenzi akatazama huku na huku. Akaona macho ya watu wote, akaona kamera, akaona hakuna mlango mwingine. Akajikaza, akavuta koti lake, akanyanyua kidevu. "Niko tayari," alisema. "Hata mchana huu. Mimi mambo yangu nayaamini."

Baadhi ya wabunge wakapiga meza kwa kumshangilia. Mkunga hakuwa amelitarajia hilo. Mtu huyu alikuwa anaamini kweli? Akiachwa hivyo, kamati itapiga kura sasa hivi, malori yatakuja, na habari ya kuoga itakuwa hadithi ya kesho kutwa.

Mwenyekiti alikuwa ameshafungua mdomo kuita kura. Ndipo Mhandisi alipouweka mchoro wake mezani na kusimama.

"Mwenyekiti, samahani. Naomba nimsaidie Mkurugenzi kabla hajabeba taulo."

"Msaidie."

"Hataoga. Pampu ya kupandisha maji imeletwa, lakini bado imo ndani ya sanduku lake. Haijafungwa. Kwenye taarifa niliandika maji yamefika. Sikuandika yamepanda."

Mkurugenzi aligeuka polepole, na lile tabasamu likazimika. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mzee. Kila asubuhi unaniuliza habari za kazi, nami nasema nzuri. Siwezi kukujibu salamu kwa pampu. Ungeniuliza pampu, ningekuambia pampu."

Hata Mwenyekiti alishindwa. Aliweka kalamu, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakatikisika. Mkurugenzi mwenyewe alianza kwa kununa, akakazana kununa, mwisho akatoa leso na kujifuta macho. "Mimi ningekwenda kweli," alimwambia Mkunga kutoka upande wa pili wa meza. "Na sabuni ningebeba."

"Najua, kaka. Ndiyo maana niliogopa."

Utaratibu alisimama, safari hii akiwa na jambo. Alitoa hoja kwamba watu wa kota wasihamishwe mpaka maji yatoke kwenye mabomba ya ghorofa ya juu, na wabunge wakayaone kwa macho yao. Mwenyekiti akaita wanaokubali. Mkono wa Utaratibu ukawa wa kwanza, wa Mkunga ukafuata. Halafu kila mmoja akawa anamchungulia jirani. Aliyeuliza kuhusu rangi akakuna kichwa, na mkono ukiwa huko huko juu akauacha ubaki. Hapo mingine ikapanda, huyu, na yule, na hata waliokuwa wakipiga meza, mpaka Mkunga akapoteza hesabu.

"Mama wa benchi la nyuma," alisema Mwenyekiti, "mkono wako hatuuhesabu. Lakini tumeuona. Hoja imepita."

Shangazi akaushusha bila haraka, kama mtu aliyekwisha kufanya kazi yake.

Nje kwenye korido Mkunga alimkuta ameshashika simu, anatoa amri kwa majirani. "Fungueni mizigo ya masufuria. Ndiyo, yote. Mwambieni fundi asing'oe kitanda changu, nalala hapo hapo." Alikata simu, akamshika mpwa wake mashavu yote mawili mbele za watu, mheshimiwa na kitambulisho chake, akamvuta puani kama mtoto. "Umewachezesha," alisema. "Mimi sikuelewa kitu mpaka yule kijana alipotaja sanduku, lakini nilijua umewachezesha."

Mhandisi alikuwa anapita na mchoro wake kwapani. Alisimama, akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Nipe siku chache, nitaifunga ile pampu kwa mikono yangu."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mimi hizi taarifa zenu zinanichanganya, usiniletee taarifa. Siku hiyo ingia bafuni kwangu kule juu, fungua maji yote, kisha nipigie simu na usiseme neno. Nikisikia yanavyomwagika, nitakuja na godoro kichwani."

"Na magoti, mama?"

"Magoti yatapanda. Yenyewe yalikataa ndoo tu."