Rimu Iliyokohoa

Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, fundi wa rimu alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu la gari la mikate, akichomeka karata kuukuu kati ya tairi na rimu. Karata hamsini na moja, maana mfalme mmoja alipotea, zilitosha kuzunguka tairi zima ili msasa usichune mpira wala rangi isiurukie. Wenye uwezo hutoa tairi kwa mashine. Yeye alikuwa na karata, msasa, kopo la puti ya kuzibia nyufa, na kompresa aliyoinunua ikiwa imeshazeeka.

Rimu ilikuwa ya alumini, imeliwa na chumvi, ukingo umemeguka kama kisahani cha mgahawani. Tajiri mwenye gari alikuwa ametoa hela ya kopo moja la rangi na vipande viwili vya msasa. Zaidi ya hapo, alisema, ni anasa.

Kabla ya kupiga msasa, fundi aliigonga kwa spana. Rimu nzima hulia kama kengele na mlio wake hukaa. Yenye ufa hukohoa, na kikohozi huwa ni cha mtu anayeliendesha gari. Mafundi wote wa mtaa ule wanalijua hilo, kama wanavyojua kwamba puti haishiki penye mafuta.

Ilikohoa mara mbili. Kikohozi chembamba, kikavu, chenye mkwaruzo mwishoni.

Dereva, aliyekuwa ameketi juu ya kreti la mikate akisubiri, aliinua uso. Alikuwa mjane wa kaka yake fundi.

"Hicho si changu?"

"Ni chako, shemeji."

"Nilidhani," akasema, akarudisha macho kwenye orodha ya maduka.

Gari hilo aliliendesha mumewe kabla yake. Alipokufa, tajiri alisimama msibani akatangaza kwamba kiti cha marehemu hakitatoka nje ya familia, na watu wakamshukuru kwa moyo wake. Mjane akajifunza udereva kwa wiki mbili.

Alikunja ile karatasi. "Ya baba watoto nayo ilikohoa?"

Fundi alikuwa amelisubiri swali hilo mwaka mzima, na bado lilimkuta hajajiandaa.

"Ilikohoa."

"Ukaziba."

"Nikaziba."

Ndivyo ilivyokuwa. Kikohozi cha kaka yake kilikuwa kizito, cha miaka mingi ya unga. Jioni ile ile rimu ilipozibwa, kilikatika. Kaka alifurahi, akamsifia muuza dawa mtaa mzima, akalala chali kwa mara ya kwanza tangu aoe. Siku ya kumi na tisa rimu ilipasuka kwenye mteremko wa sokoni. Mikate iliokotwa kabla yake. Fundi alilia matanga yote bila kumwambia mtu neno, na aibu hiyo alikuwa nayo hadi asubuhi hii.

"Hii siizibi," akasema. Akampigia tajiri simu, akaweka sauti ya nje.

"Tajiri, rimu ina ufa. Inakohoa."

"Fundi, mimi sijakuuliza kama inaumwa. Nimekuuliza, itang'aa?"

"Itang'aa, lakini..."

"Basi. Hapo kwako ukutani umeandika nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba ufa, ndugu yangu." Akacheka, akakata.

Maandishi yalikuwepo kweli, kwa rangi nyekundu, juu ya mlango. Fundi aliyaandika mwenyewe mwaka aliofungua karakana, akijiona mjanja.

Shemeji yake alisimama, akakung'uta unga kwenye sketi. "Ziba. Usipoziba wewe ataziba yule wa ng'ambo ya barabara, na uzembe wa msasa wake unajulikana. Nikishuka kwenye hicho kiti, kitapata mtu kabla hakijapoa. Nina midomo minne nyumbani."

"Ufa ni mrefu, shemeji."

"Nimesikia urefu wake. Ziba vizuri."

Akaziba vizuri. Hakuwahi kuziba vizuri kiasi hicho. Alifuta mafuta mara tatu, akasukuma puti ndani kwa kadi ya simu iliyokwisha, akapiga msasa wa maji hadi vidole vikaota sugu mbichi, akapuliza rangi matabaka membamba membamba ili kopo moja litoshe. Saa tisa alichomoa karata, akaigonga rimu kwa spana. Ililia kama kengele.

Tajiri alipita kuiangalia. Aliinama, akajiona usoni mwa rimu, akarekebisha kola. "Kama ya dukani," akasema, akaenda kuwaambia wenzake kuhusu fundi wake wa bei nafuu. Kesho yake rimu tatu nyingine zilikuwa mlangoni.

Ijumaa asubuhi gari la mikate lilisimama nje ya karakana, gurudumu likimeta. Shemeji alishuka na mkate mmoja uliofungwa kwa karatasi. Uso wake ulikuwa umepumzika.

"Shemeji, kifua kimepona," akasema. "Tangu Jumanne sijakohoa. Hata unga haunikeri."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali.

"Afadhali," akasema, akaupokea mkate. Ulikuwa bado wa moto.