Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Nilikuwa nimechoka kusuka maziwa nisiyoruhusiwa kuyaonja. Tangu niolewe hapa Usevya kazi hiyo ni yangu: nasuka kibuyu, naonja, nasema tayari, ndipo kata ya kunywea inazunguka kwa kila mtu. Ila karibuni nilibaki kusuka tu. Aliyeonja ni Kabula, mama mkwe wangu. Mimi nilikuwa na kikombe changu cha bati, alikifunga uzi mwekundu ili mtu asikosee.

Yalianzia zahanati. Tulienda mimi na Kabula kupima saratani ya mlango wa kizazi. Majibu yangu yalitoka kwanza: nina kirusi cha HPV. Sampuli ya Kabula ikabidi irudiwe. Nesi Rosine alinieleza taratibu, Kabula akiwa pembeni, maana mwenyewe niliomba abaki. Kirusi hiki huenezwa kwa kujamiiana, si kwa kikombe wala chakula. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe, ila lazima nirudi kuangaliwa. Wanawake wachache wenye kirusi huko chini hukutwa nacho mdomoni pia.

Katika maneno yote hayo, Kabula alirudi nyumbani na moja tu: mdomoni.

Kikombe ningekivumilia. Kilichoniuma ni Masunga, mwanangu wa mwaka mmoja. Kwetu mtoto huanzishiwa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na mama humtafunia kwanza. Kabula alimchukua siku hiyohiyo. Akawa anamtafunia yeye, analala naye yeye, mimi naitwa wakati wa kunyonyesha tu. Mwezi mzima. Mume wangu, Manyanda, yuko mbali, anachunga ng'ombe, na akipiga simu anasema nimsikilize mama. Kirusi kilikuja kwa njia ambayo kila mke anaijua, lakini yeye hakuna aliyemuuliza kitu.

"Nesi alisema si chakula," nilimwambia Kabula.

"Nesi hana mjukuu hapa," akajibu. "Mimi mjane mwaka wa nane huu. Mdomo wangu hauna neno."

Jana alikwenda kuchukua majibu yake. Alirudi akakaa karibu na kibuyu bila hata kuvua kandambili. Masunga akamtambalia, akafungua mdomo kama alivyozoea. Kabula akauziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja.

"Mama Masunga," aliniita. "Kumbe kinaweza kukaa mwilini miaka mingi. Hata mume akishakufa."

Nilisubiri nifurahi. Furaha haikuja, nilikuwa nimechoka mno.

"Mwezi mzima namtafunia," akasema, machozi yakimtoka. "Nimemuua mtoto?"

Nilinyamaza. Sitadanganya, nilinyamaza makusudi, aonje kidogo.

"Hujamuua," nikasema mwishowe. "Si chakula, si kikombe. Tuliambiwa wote, mama, na wewe ulikuwepo."

Alininyanyulia Masunga, akaniwekea mapajani. Kisha akachukua kikombe kingine rafuni, akaanza kuchomoa uzi kwenye pindo la kanga yake.

"Acha," nikamwambia. "Vikombe vya uzi viwili mimi sitaosha."

Nikakifungua changu, uzi nikautupa kwenye moto wa jiko. Nikamimina maziwa kwenye kata, nikaonja.

"Tayari," nikasema, nikampa.

Aliipokea kwa mikono miwili, kama mkwe mgeni, akanywa palepale nilipoweka mdomo wangu.